Baada ya Shule, Kijana Mwenye Mahitaji Maalumu Aende Wapi?

Kila matokeo ya darasa la saba na ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, ni chuo gani kinapokea watoto kama wa kwangu?" Vyuo vipo, na nitavitaja. Ila kwa muda wote niliofanya kazi ya kupima na kufundisha vijana hawa, wanaofika mbali ni wale ambao familia zao zilianzia upande wa pili. Walijiuliza kwanza: huyu atafanya kazi gani, mtaa gani, pembeni ya nani? Ndipo wakatafuta chuo. Anayeanza na chuo mara nyingi hupata cheti, na cheti kikaishia kabatini.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima nchini kwetu Tanzania kuwa miaka 10, na sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Nimeifurahia sana hatua hiyo, maana mikono ya watoto wetu itaanza kufunzwa kazi wakiwa bado shuleni. Lakini utekelezaji unakwenda kwa awamu. Vijana wengi ninaowaona leo, hasa wenye ulemavu wa akili na usonji, wamemalizia darasa la saba kwenye kitengo cha elimu maalumu wakiwa na miaka 16 au 17, wengine wakubwa zaidi, na hakuna aliyekaa na mzazi kumweleza kinachofuata. Wanarudi nyumbani, na wanabaki huko.

Kwa wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi na wenye ulemavu wa viungo, njia ya masomo ya kawaida imeshakanyagwa na wengi. Ada imefutwa hadi kidato cha sita katika shule za serikali. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa huandaliwa. Mzazi hakikisha jambo moja: wakati wa usajili wa mtihani, shule iandike hali ya mtoto. Asipoandikwa mapema, siku ya mtihani msimamizi hana pa kushika. Akifaulu hadi chuo kikuu, Bodi ya Mikopo inawapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, na ushahidi wake ni fomu iliyothibitishwa na daktari, kwa hiyo msiiache hadi wiki ya mwisho.

Kwa ufundi kuna milango ya aina tatu. Kuna vyuo vya serikali vilivyoanzishwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu: Yombo jijini Dar es Salaam, Masiwani Tanga, Luanzari Tabora, Mtapika Masasi na vinginevyo. Kuna vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ambavyo ni vya watu wote. Na kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchi nzima, ambavyo wazazi wengi huvisahau kabisa ilhali vina kozi fupi na huwa vipo hadi wilayani, karibu na nyumbani. Mimi huwa napendelea chuo cha karibu kuliko chuo chenye jina. Kijana ambaye hajawahi kulala nje ya kwao, ukimpeleka bweni mkoa mwingine, mwezi wa kwanza wote utaliwa na kilio, na walimu watadhani hafundishiki.

Sasa niseme kuhusu wale ambao hakuna chuo kinachowakimbilia: wenye ulemavu wa akili, na wenye usonji wanaohitaji msaada mkubwa. Hawa wengi hawatafaulu mtihani wa kuandika, na si lazima waufaulu ili wafanye kazi. Wanajifunzia pale pale kazi inapofanyika.

Kijana mmoja niliyemfuatilia aliwekwa kwa mama lishe jirani yao. Tulianza na kuosha vyombo tu. Kazi hiyo moja tuliipasua vipande: kumwaga mabaki, kuloweka, kusugua kwa sabuni, kusuuza kwenye beseni la pili, kupanga kifudifudi. Kila kipande tulikichora kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani usawa wa macho yake. Alikwama mahali ambapo sikupategemea. Tulimwambia abadilishe maji yakichafuka, naye hakuweza kujua ni yamechafuka kiasi gani. Ama aliyamwaga kila baada ya sahani mbili, ama alisuuza kwenye uji mweusi. Mama lishe mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Alitumbukiza mfuniko mweupe ndani ya beseni, ukakaa chini ya maji, akamwambia, "Mwanangu, ukiona mfuniko hauonekani, mwaga." Tangu siku hiyo hakukosea tena. Baadaye akahamia kwenye chapati: kupima unga kwa kikombe kimoja kilekile, kukanda, kukata madonge. Sasa anasukuma na kuchoma, na analipwa. Chenji hagusi, na sioni sababu ya kumlazimisha.

Ukitazama vizuri, kilichomfundisha ni kazi iliyokatwa vipande vidogo, alama inayoonekana kwa macho badala ya maelezo, na mtu mzima mmoja asiyebadilika kila wiki. Hakuna hata kimoja kinachohitaji jengo maalumu. Kinachohitajika ni mwalimu wa kitengo aende kwenye hiyo kazi mara kwa mara mwanzoni, kisha apunguze ziara kidogo kidogo. Mwalimu akiacha ghafla, kijana hurudi nyuma.

Na kijana wa namna hii akishaiva kazini, cheti kinaweza kufuata. VETA wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti, bila kurudi darasani kuanza moja. Wazazi, waalikeni mafundi wa mtaani kwenye mazungumzo haya. Fundi cherehani, muuza kuku, mwenye gereji, wengi wanakubali mkiwafuata kwa heshima na mkikubaliana wazi nani anamlisha mchana na nani wa kupigiwa simu akichafukwa.

Usafiri nao ni somo. Akiwa bado shuleni, mfundishe kupanda daladala: kwanza mkiwa wote, kisha wewe ukikaa siti ya nyuma, kisha ukimsubiri kituoni. Ajue rangi ya mstari wa gari lake, akae karibu na konda, nauli iwe mfuko mmoja siku zote. Nimeona nafasi nzuri za mafunzo zikipotea kwa sababu tu hakukuwa na mtu wa kumpeleka na kumrudisha.

Kuhusu mabinti sitazunguka. Familia nyingi huwafungia ndani kwa hofu ya kubakwa, na hofu hiyo ina msingi. Lakini binti asiyefundishwa majina ya viungo vyake, asiyejua kusema "sitaki" na asiyejua amkimbilie nani, yuko hatarini hata humo ndani. Mfundisheni hayo kabla ya ufundi wowote, kwa maneno ya wazi, na mchague mahali pa kazi penye wanawake na watu wanaopita.

Upande wa ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Watekelezaji ni wachache, na hilo linaniuma. Hata hivyo itajeni sheria hiyo mnapopeleka barua. Kuna mameneja ambao hawajawahi kuisikia. Kwa wanaotaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mkifika chuoni, msiulize tu kama wanapokea wenye ulemavu, kwa sababu karibu kila mkuu wa chuo atajibu ndiyo. Ulizeni kama yupo mwalimu anayejua lugha ya alama, na mwombe kumwona. Mwombe mwonyeshwe choo na njia ya kwenda karakana, mkiwa na kijana mwenyewe, kwenye kiti mwendo chake kama anakitumia. Ulizeni waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa. Na bebeni ripoti ya upimaji, pamoja na ukurasa mmoja mlioandika wenyewe kwa Kiswahili cha kawaida: anachopenda, kinachomtisha, anavyoomba maji, na maneno ya kumtuliza. Mpeni nakala mlezi wa bweni kabla hamjaondoka.