Je, Wajua? Kwa Nini Kivinjari Hukuuliza Nywila Ileile Kila Mara

Mjomba wangu hupiga simu usiku, taarifa ya habari ikishakwisha. Safari ile hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Kompyuta imenisahau tena," akasema. Ulikuwa usiku wa tatu. Kila asubuhi akiifungua, barua pepe inadai nywila, na benki nayo inadai, hata tovuti ya magazeti anayoisoma inadai. Ndani ya wiki moja alikuwa amebadilisha nywila mara nne, kwa imani kwamba kuna mtu anamwingilia.

Kubadilisha nywila ndiyo dawa ya kwanza kwa watu wengi, na mara nyingi haitibu kitu. Nywila ingekuwa mbovu, usingeingia kabisa. Mtu anayeingia vizuri, akafanya shughuli zake, kisha akaulizwa upya baada ya saa moja au kesho yake, ugonjwa wake uko kwingine. Ili kuujua, inabidi kwanza tukubali jambo moja linaloshangaza wengi: tovuti haijawahi kukukumbuka hata siku moja.

HTTP, lugha ambayo kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, na seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, huzungumza, ilibuniwa na Tim Berners-Lee kwenye kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Aliibuni kwa ajili ya kusoma nyaraka, na nyaraka haihitaji kumjua msomaji. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, basi, wameachana. Ukibofya kiungo kingine sekunde mbili baadaye, kwa seva wewe ni mgeni kama yeyote yule. Kwa lugha hiyo peke yake ungelazimika kuandika nywila kwa kila ukurasa.

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, alitafuta njia ya kulifanya duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini kapuni. Jibu lake likawa kidakuzi, au kuki kama mafundi wengi wanavyokiita. Mfano wake ni kadi ya hospitali. Siku ya kwanza unafika mapokezi, unaeleza wewe ni nani, wanakufungulia jalada na kukupa kadi yenye namba. Ukirudi humwelezi mtu historia yako. Unaonyesha kadi, karani wa masijala anakwenda kulitafuta jalada. Kidakuzi nacho ni namba tu, ndefu na isiyosomeka, ambayo kivinjari huionyesha seva kila kinapobisha hodi. Nywila yako, kwa kawaida, haimo humo.

Kwa hiyo unapoulizwa tena nywila, ama kadi imepotea kwako, ama jalada limeondolewa kule masijala, ama umeipeleka kadi hospitali isiyo yake. Kuna na hali ya nne, ambayo hatutaiona mpaka tujue ni nani hasa anayeuliza.

Tuanze na masijala, maana huko hakuna unachoweza kurekebisha. Mwenye tovuti ndiye anayeamua jalada likae mezani muda gani. Tovuti nyingi zimeandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, ambamo muda wa kikao, yaani muda jalada linapokaa wazi, usipoguswa na mtengenezaji ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Ukienda kupika ugali ukarudi, inawezekana kikao kimeshafagiliwa. Benki hukaza zaidi kwa makusudi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulitaka mifumo ya ulinzi wa daraja la pili imthibitishe mtumiaji upya kila baada ya saa 12, au akikaa dakika 30 bila kugusa kitu. Sababu ni kwamba anayeiokota kadi yako huingia bila kuijua nywila. Binafsi huwa sinung'uniki benki ikinitoa. Ninayemnung'unikia ni yule anayeweka dakika 24 kwenye fomu ya kurasa nane, isiyohifadhi chochote mpaka ufike mwisho.

Kadi kupotea kwako ndiko kunakoleta simu nyingi za usiku. Hali fiche (incognito), yaani dirisha la kivinjari lisilotunza kumbukumbu, kwa mfano, imeundwa ili ichome kadi zote ukifunga dirisha. Ndiyo kazi yake, ila wapo walioizoea bila kujua, na kila siku wanashangaa. Kuna mpangilio wa kivinjari unaofuta vidakuzi kila kinapofungwa. Kuna programu za "kusafisha kompyuta" ambazo huhesabu vidakuzi kuwa takataka. Kuna diski iliyojaa pomoni, kivinjari kikikosa pa kuandikia. Na hata ukitunza kila kitu, kadi ina tarehe ya mwisho: tangu mwaka 2022 kivinjari cha Chrome hakiruhusu kidakuzi kuishi zaidi ya siku 400, na Safari, kivinjari cha Apple, huviwekea siku 7 vile vinavyoandikwa na hati za JavaScript, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya ukurasa.

Tarehe ya mwisho ina maana pale tu kompyuta inapojua leo ni lini. Kompyuta za mezani hushika saa kwa betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032, iliyokaa kwenye ubao mkuu. Ikifa, kila ukiwasha unakuta tarehe ya miaka ya nyuma, na tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika. Mtu anaingiza tarehe kwa mkono. Siku akikosea akaruka mwezi mmoja mbele, vyeti vingi bado ni halali na haoni onyo lolote, lakini vidakuzi vya wiki mbili vyote vinahesabiwa vimekufa, kivinjari kinavifuta. Kesho yake tarehe iko sawa, kadi hazipo. Betri yenyewe haina bei ya kutisha, na ni kati ya vitu vya mwisho ambavyo mtu hukagua.

Sasa kadi iliyopelekwa hospitali nyingine. Kidakuzi ni mali ya anwani iliyokitoa. Ukiingia kwenye anwani inayoanza na www, kisha kesho ukaandika ileile bila www, huenda ukaulizwa upya kama mtengenezaji hakuziunganisha. Lakini linalowapata watu wengi zaidi ni la simu. Umeshaingia kwenye tovuti kupitia Chrome. Jioni unabofya kiungo cha tovuti hiyohiyo ndani ya Facebook au Instagram, inadai nywila. Programu hizo hufungua kurasa kwa kivinjari chao cha ndani, chenye kabati lake la kadi, na kabati la Chrome hakilioni. Tafuta kwenye menyu neno la kufungua ukurasa kwenye kivinjari cha nje, na utakuta umeshaingia tangu asubuhi.

Kuna na mzunguko unaokera kuliko yote: unaandika nywila sahihi, ukurasa unapepesa kidogo, unarudi palepale bila kusema umekosea. Hapo mara nyingi kidakuzi kinatolewa lakini kivinjari kinakataa kukipokea. Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu, yaani vya tovuti nyingine zilizopachikwa ndani ya ile unayoitazama, Machi 2020, na kivinjari cha Firefox mwaka 2022 kikaanza, bila kuombwa, kuvitenga kila tovuti na kabati lake. Tovuti inayokuingiza kupitia dirisha la kampuni nyingine lililopachikwa ndani ya ukurasa inaweza kukwama hapo. Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, vya kuzuia matangazo navyo hukata kamba isiyo yao mara mojamoja.

Kipimo ninachokiamini kwa mzunguko huo ni kufungua hali fiche na kujaribu kuingia. Humo kabati ni jeupe na viendelezi, kwenye Chrome, havifanyi kazi mpaka uviruhusu. Ukiingia na kubaki ndani, basi kuna kidakuzi cha zamani kilichoharibika au kiendelezi mkorofi. Ukiendelea kuzungushwa, tazama saa, tazama mpangilio wa vidakuzi, au kubali kwamba shida iko kwao. Kama kosa ni kidakuzi, futa vya tovuti hiyo moja tu. Ule ushauri wa "futa kila kitu" ni panadol ya mafundi wa kompyuta: hutolewa kwa kila ugonjwa, na baada ya kuumeza unajikuta nje ya akaunti zote ulizokuwa nazo.

Hadi hapa aliyekuwa akiuliza ni ukurasa wa tovuti, wenye rangi zake na nembo yake. Sasa ile hali ya nne: mara nyingine anayeuliza ni mwingine, na wengi hawatofautishi kwa sababu visanduku vyote vina mahali pa nywila.

Kuna kisanduku kidogo kikavu, hakina nembo, kinashuka juu ya ukurasa kikitaka jina na nywila. Hicho ni cha kivinjari chenyewe, kwa amri ya seva iliyojibu kwa namba 401, maana yake "hujathibitishwa." Utakikuta kwenye ruta za zamani na kwenye mifumo ya ndani ya ofisi. Hapa hakuna kadi. Kivinjari huishika nywila kichwani na kuituma tena kwa kila ombi, mpaka ukifunge chote. Ukikosea, seva inajibu 401 tena, kisanduku kinashuka tena, bila hata neno la kukwambia umekosea. Ndiyo maana kinaonekana kama kimerogwa. Mara nyingi kosa ni nywila ya zamani ambayo kivinjari kiliihifadhi na kinakujazia chenyewe. Ingia kwenye orodha ya nywila zilizohifadhiwa, uiondoe.

Ndugu yake ni 407, ambaye si wa tovuti bali wa proksi, mlinzi wa getini wa mtandao wa ofisi au chuo. Huyu akiuliza, tovuti zote zinauliza kwa pamoja. Ukibadilisha nywila ya kazini asubuhi, kivinjari kinaweza kuendelea kutuma ile ya jana kimyakimya, tena na tena, mpaka akaunti inafungwa kwa makosa mengi. Na ofisi zinazotumia Kerberos, mfumo wa kuwathibitisha watumiaji kwa tiketi za kidijitali, zina sharti lake: saa ya kompyuta yako ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, tiketi inakataliwa. Betri yetu ndogo ya duara imerudi.

Kisha kuna sefu ya kivinjari. Firefox hukuruhusu kufunga nywila zote ulizohifadhi kwa nywila moja kuu. Ukiwa umeiweka, na kivinjari kinaanza kwa kurudisha vichupo ishirini vya jana, kila kichupo chenye fomu ya kuingia kinaomba sefu ifunguliwe, nawe unaona maombi yakifuatana kama watoto mlangoni siku ya Idi. Ijibu mara moja vizuri, usibofye "ghairi" kwa hasira, na mengine kwa kawaida hunyamaza.

Wa mwisho ni mfumo wa kompyuta wenyewe. Hili huwapata sana watumiaji wa Ubuntu, mfumo ulio mbadala wa Windows, na ndugu zake. Umeweka kompyuta ijifungue bila nywila, halafu ukifungua Chrome inakuja sauti kutoka chini: fungua sefu ya funguo. Sefu hiyo hufunguliwa na nywila unayoiandika wakati wa kuingia. Kwa kuwa hukuandika, imebaki imefungwa, na Chrome ndimo ilimoweka ufunguo wake. Wapo wanaoipa sefu nywila tupu ili inyamaze. Inanyamaza kweli, ila siri zilizomo hubaki wazi kwenye diski, hivyo fikiri kwanza nani mwingine anaishika kompyuta hiyo.

Kabla ya kumjibu yeyote kati ya hao, tupa jicho kwenye anwani iliyo juu. Matapeli wanajua tumeshazoea kuulizwa mara mbili. Kurasa za bandia hupokea nywila yako, husema umekosea, kisha hukupeleka kwenye tovuti halisi uingie vizuri. Unaondoka ukidhani kidole kiliteleza.

Nikarudi kwa mjomba. Nilimwomba anisomee mpangilio wa faragha wa kivinjari chake, mstari kwa mstari, miwani ikimteleza puani. Tukafika: "Futa vidakuzi unapofunga." Umewashwa. Nikanyamaza kidogo, kwa sababu niliukumbuka. Ilikuwa siku nilipomtengenezea kompyuta hiyo, wakati bado wajukuu wote wa nyumba ile wanaichezea, na niliuwasha mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nikijiona mjuzi wa usalama.

Tuliuzima. Mwezi mzima hakupiga kwa ajili ya nywila. Kisha akanunua simu mpya, na saa tatu usiku jina lake likawaka kwenye kioo changu. "Hii nayo inaniuliza," akasema. Nikamwambia safari hii ina haki, simu mpya haina kadi hata moja, aandike tu nywila yake.

"Ipi, mpwa wangu? Zilikuwa nne."