Minyoo ya panya wa mashambani haitokani na uchafu wa jalala

Wako wanaoamini kwamba panya anayewindwa kwa kitoweo mashambani huku Dodoma, kwa kuwa hula mtama, uwele na mbegu za nyasi, hana minyoo kama panya wa jalalani. Imani hiyo si sahihi. Panya huyo hula pia wadudu, na ndani ya mbawakavu wa nafaka hukua lava (mtoto) wa tegu, yaani mnyoo bapa wa utumboni, aitwaye Hymenolepis diminuta, ambaye hukomaa katika utumbo wa panya na kutaga mayai yanayotoka pamoja na kinyesi.

Binadamu humpata tegu huyu kwa kumeza mdudu mwenye lava, kwa kawaida ndani ya nafaka au unga uliohifadhiwa vibaya, wala si kwa kula nyama ya panya iliyoiva. Kwa maoni yangu, ghala linahitaji uangalizi mkubwa kuliko chungu.

Hata hivyo, wakati wa kumwandaa panya, utumbo wake usipasuliwe ovyo, maana huweza kubeba bakteria wa salmonela, na mikono ioshwe kwa sabuni. Ini lenye vifuko vyeupe, ambavyo mara nyingi ni lava wa tegu wa paka, Taenia taeniaeformis, lizikwe au lichomwe, paka asipewe.