Mbwa mwitu wa Ulaya na majina ya kumkwepa

Kiswidi kina majina mawili ya mbwa mwitu, na lile linalotumika zaidi leo lilianza kama jina la kumkwepa. Jina la kale ni ulv, ndugu wa Wolf la Kijerumani. Varg, linalosikika kila siku, lilikuwa vargr katika Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, na vargr alikuwa pia mhalifu aliyefukuzwa na jamii yake. Wafugaji waliamini kwamba ukimtaja mnyama kwa jina lake umemwita, kwa hiyo wakamtaja kwa jina la mhalifu. Vizazi vikapita, varg likawa ndilo jina lenyewe, hofu ikalihamia, na watu wakatafuta jingine la kulikwepa hilo nalo: gråben, "miguu ya kijivu".

Nimekuwa nikifuatilia historia ya maneno haya kwa muda mrefu, na ningali naliona hili kuwa jambo la ajabu kuliko yote katika fani yangu. Hapa nasema juu ya mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya, si yule mwenye mabaka wa Serengeti na Selous, ambaye ni mnyama mwingine ingawa Kiswahili kimewapa jina moja.

Jina lake la kale lilisambaa mbali. Wanaisimu wamelikisia kuwa *wlkʷos katika lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, na watoto wake wanajulikana: vrka kwa Kisanskriti, lykos kwa Kigiriki, vilkas kwa Kilithuania, volk kwa Kirusi, wilk kwa Kipolandi. Lupus la Kilatini nalo ni la ukoo huo, ila sauti yake inashangaza. Mahali ambapo Kilatini cha Roma kina qu, majirani zake wa Italia ya kati walikuwa na p: "nani" kwa Kilatini ni quis, kwa Kioski ni pis. P ya lupus ni ya jirani. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Waroma waliliazima jina hilo kutoka kwa watu wa vijijini, nami naliona ni jambo la kawaida kabisa, kwani wenye kondoo ndio waliokuwa na habari za mbwa mwitu.

Kwingineko majina ya kale, kila lugha na lake, yamesukumwa kando. Wahungari humwita farkas, "mwenye mkia". Waayalandi wana mac tíre, "mwana wa nchi", na pia cú allaidh, ambalo neno kwa neno ni mbwa mwitu, sawasawa na letu. Waestonia walikuwa na susi, ambalo majirani zao Wafini wangali nalo, lakini leo husema hunt, neno la Kijerumani cha kaskazini lenye maana ya mbwa tu. Wakitaka kumtaja kwa mzaha humwita võsavillem, Villem wa vichakani.

Turudi kwa vargr, maana hapo ndipo mnyama na pori vinapokutana. Katika sheria za kale za Iceland, adhabu kubwa iliitwa skóggangr, "kwenda msituni". Aliyehukumiwa hivyo hakuwa na ulinzi wowote. Yeyote aliweza kumuua bila kudaiwa fidia. Aliitwa skógarmaðr, mtu wa msituni, hata katika kisiwa ambacho misitu yake ilikuwa haba, kwa kuwa wahamiaji walikuja na msamiati wao kutoka Norwei. Uingereza nako wanasheria walisema kwa Kilatini kwamba mtu wa namna hiyo ana caput lupinum, kichwa cha mbwa mwitu. Kwa watu hao pori lilianza pale sheria ilipokoma.

Lakini si Ulaya yote iliyoliona pori hivyo. Wilderness la Kiingereza, yaani pori lisilokaliwa, limejengwa juu ya wilddēor, mnyama wa porini. Dēor enzi hizo alikuwa mnyama yeyote. Baadaye neno likabanwa likabaki kwa kulungu tu. Kifaransa hakina neno moja linalolingana na wilderness. Kina sauvage, lililotoka silvaticus la Kilatini, "-a msituni", pamoja na selvaggio la Kiitalia, salvaje la Kihispania na sălbatic la Kiromania. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema "paka mwitu" au "nguruwe mwitu" amefuata njia ileile bila kuazima chochote.

Waslavi walilitazama pori kwa utupu wake. Pustynja kwa Kirusi ni jangwa. Puszcza kwa Kipolandi, kutoka mzizi uleule wa "tupu", ni msitu mkubwa wa asili kama ule wa Białowieża kwenye mpaka wa Belarus, uliosheheni miti na wanyama. Utupu unaosemwa ni wa watu. Ndivyo lilivyo pia erēmos la Kigiriki katika Injili. Luther, katika Biblia yake ya Kijerumani, aliliweka Wüste, "jangwa", watafsiri Waingereza wa 1611 wakaweka wilderness, na watafsiri wa Kiswahili wakachagua nyika: "Sauti ya mtu aliaye nyikani." Kwangu nyika ndiyo iliyokaribia zaidi, kwa sababu ni nchi kavu, wazi, isiyo na makazi mengi, na haidai miti.

Neno linalonisumbua kila ninapotafsiri ni erämaa la Kifini. Maa ni nchi. Erä ni fungu, na zamani hasa mapato ya mawindo. Wakulima wa kusini walikuwa na maeneo ya mbali waliyoyaendea kuwinda na kuvua kwa msimu, kisha wakarudi nyumbani. Mwaka 1991 Finland ilitunga sheria iliyotenga maeneo 12 ya erämaa huko Lapland, kaskazini mwa nchi, na moja ya malengo yaliyotajwa ni kulinda utamaduni wa Wasami, wenyeji wa asili wa huko, na riziki za asili, ufugaji wa kulungu wa kaskazini ukiwemo. Sheria ya Marekani ya 1964 kuhusu wilderness inamtaja binadamu kama mgeni asiyekaa. Watafsiri wengi huyapa maneno haya mawili tafsiri moja, na Msami mwenye mifugo yake huko anatoweka katika maandishi. Mimi huandika "nchi ya mawindo", kisha naongeza sentensi moja kueleza ni nani anayeitumia.