Vitenzi vya Kireno: anza na kununua na kuuza

Hapa Mtwara, wengi wanaokuja kwangu kujifunza Kireno ni wafanyabiashara wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji, wengine kupitia Kilambo, wengine kwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala. Hawana shida na maneno. Bei, mzigo, forodha, hayo wanayadaka upesi. Wanakwama kwenye kitenzi, pale wanapokuta comprar, yaani kununua, ikigeuka compro, compra, compramos, compram.

Huwa nawaambia wataje kwanza ninanunua, ananunua, tunanunua, wananunua. Si kazi ile ile? Anayezungumza Kiswahili, au Kimakonde, au Kimwera, anabadilisha vitenzi kwa nafsi tangu utotoni. Ila sisi tunapachika mbele, Kireno kinapachika nyuma. Halafu kuna jambo ambalo majedwali ya vitabuni hayalisemi: sisi tuna nafasi mbili, ya nafsi na ya wakati. Katika "nilinunua", ni- ni mimi, -li- ni wakati uliopita. Katika comprei, ule mkia -ei unabeba vyote viwili kwa mkupuo, wala haukatiki. Ukiitafuta "li" ya Kireno utakesha.

Vitenzi vyao vinavyofuata kanuni viko makundi matatu, kwa mwisho wake: -ar, -er, -ir. Usilalamike, maana hata sisi tuna makundi. Tunasema sinunui, siuzi, a ya mwisho inageuka i. Lakini sijibu, sifikiri na sisamehe, vyenye asili ya Kiarabu, havigeuki. Hakuna aliyekukalisha chini kukufundisha hilo.

Na kwa kweli makundi hayo ni mawili na nusu. Chukua vender, kuuza, na partir, kuondoka. Mimi: vendo, parto. Yeye: vende, parte. Wao: vendem, partem. Mikia ni ile ile. Katika wakati uliopo yanaachana kwenye "sisi" tu, vendemos na partimos (kuna pia nafsi ya vós, "ninyi" ya kizamani, mimi siifundishi kabisa). Kwa hiyo ukishika comprar na vender vizuri, partir umeipata karibu bure. Kundi la -ar ndilo kubwa, na vitenzi vipya karibu vyote huingia humo, kama telefonar, kupiga simu. Anza nalo.

Kukariri jedwali kutoka juu kwenda chini, mimi, wewe, yeye, sisi, sipendi. Sokoni hakuna mtu anayeongea hivyo. Sokoni mtu anauliza, mwingine anajibu, kwa hiyo fanyeni mazoezi wawili wawili. "Você vende?" "Vendo." "Comprou ontem?" (ulinunua jana?) "Comprei." Ukitumia você kwa "wewe", kitenzi kinachukua mkia ule ule wa yeye, na hapo umepunguza mzigo. Wingi nao uingie kwa njia hiyo hiyo: "Vocês compraram?" (ninyi mlinunua?) "Comprámos" (tulinunua). Mkia unakuja wenyewe kwa kuitikia, kama unavyojibu "marahaba" bila kufikiri.

Angalia pia kwamba nimejibu vendo bila kuweka eu, mimi, mbele yake. Kama ilivyo kwetu, "ninauza" inatosha yenyewe. Wanaotoka kwenye Kiingereza husahau hili na kurundika eu kila sentensi. Kifaransa, ingawa ni ndugu wa Kireno, hakiruhusu hilo: parle, parles na parlent, vya kitenzi cha kusema, vinaandikwa tofauti lakini vinatamkwa sawa, basi bila je (mimi) au tu (wewe) msikilizaji hajui nani anaongelewa. Ndiyo maana nasema Kifaransa jifunze kwa sikio kwanza, maandishi baadaye, na Kireno vyote kwa pamoja.

Tahadhari moja: vendemos ni "tunauza" na pia "tuliuza". Weka ontem, jana, au hoje, leo, na mambo yamekwisha. Comprámos ya jana angalau hupewa alama juu ya a ikiandikwa.

Vitenzi vikorofi kama ser, kuwa, na ir, kwenda, viacheni nje ya majedwali haya. Fui ni "nilikuwa" na ni "nilikwenda" pia. Hivyo vishikeni ndani ya sentensi nzima: fui a Palma, nilikwenda Palma.