Hekalu la Ai Khanoum: Yanayodhaniwa na Yaliyofukuliwa

Husemwa kwamba Wafaransa ndio waliouvumbua Ai Khanoum, mji wa kale wa Kigiriki wa kaskazini mwa Afghanistan. Kuchimba walichimba kweli, wakiongozwa na mwanaakiolojia Paul Bernard, hadi mwaka 1978. Lakini aliyestuka kwanza alikuwa mfalme, Zahir Shah. Mwaka 1961 alikwenda kuwinda pale Mto Kokcha unapoingia mto mkubwa wa Amu Darya, akaona kichwa cha nguzo cha mtindo wa Kigiriki wa Korintho, kimechongwa majani. Wataalamu waliitwa baadaye.

Dhana iliyo sugu zaidi ni hii: mji ulikuwa na ukumbi wa maigizo, uwanja wa mazoezi na maandishi ya Kigiriki, basi hekalu lake lilifanana na Parthenon, lile hekalu la Athene lililozungukwa na nguzo. Wapi! Lilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, umbo la mraba, kila upande kama mita 20. Hakuna safu ya nguzo inayolizunguka. Kuta zake nene zina vishubaka vilivyokatwa ngazi-ngazi kwa nje, na ramani yake ni ya Mesopotamia, Iraki ya kale: ukumbi wa mbele, chumba cha mungu, na vyumba vidogo viwili ubavuni.

Mungu mwenyewe je? Wengi hujibu mbiombio: Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki. Kilichosalia cha sanamu yake ni wayo wa kushoto wa marumaru, umevaa kubadhi lenye nakshi ya radi yenye mabawa. Radi ni ya Zeus, sawa, ila alama si jina, na wapo wataalamu wanaomwona humo pia Mithra, mungu wa Wairani. Nakubaliana nao, hasa nikiitazama sahani ya fedha iliyopakwa dhahabu iliyopatikana humo humo hekaluni. Ina kipenyo cha sentimita 25. Juu yake Cybele, mungu wa kike wa Asia Ndogo, amepanda gari la kukokotwa na simba, nyuma yake kuhani ameshika mwamvuli, mbele kuna madhabahu ya ngazi ya Kimashariki, na juu mungu jua wa Kigiriki, mwezi mwandamo na nyota. Aliyeitengeneza hakuona haja ya kuchagua upande.

Na anayedhani magofu bado yapo vile yalivyoachwa amechelewa. Vita vilivyoanza 1979 viliwapa waporaji nafasi, wakalitoboa eneo zima kwa mashimo. Sahani ilinusurika kwa kuwa wafanyakazi wa makumbusho waliificha Kabul, kwenye chumba cha hazina chini ya ikulu.