Batman wa zamani naye aliua

Filamu ya Batman v Superman ilipotoka mwaka 2016, mashabiki wengi walilalamika: Batman, shujaa anayepambana na wahalifu, aliyeigizwa na Ben Affleck, anaua watu, wakati yule wa zamani hakuwahi kumwaga damu. Kuhusu Affleck, ni kweli. Kuhusu yule wa zamani, nadhani ni muda mrefu tangu tuitazame Batman ya 1989, iliyoongozwa na Tim Burton.

Itazame upya. Batman, aliyeigizwa na Michael Keaton, analituma gari lake bila dereva ndani ya kiwanda cha kemikali. Linadondosha bomu na kiwanda kinalipuka, vibaraka wa Joker, adui wake mkuu, wakiwa humo humo. Juu kwenye mnara wa kanisa anamwangusha mtu shimoni. Kisha Joker mwenyewe: Batman anamfunga mguu kwenye sanamu ya jiwe, sanamu inang'oka, kwaheri. Filamu iliyofuata, Batman Returns ya 1992, imezidi. Anamfungia bomu pande la mtu wa sarakasi, halafu anatabasamu. Mimi tabasamu lile lilinishtua kuliko mlipuko.

Mwiko wa kuua umetoka kwenye vitabu vya katuni, na hata huko haukuwepo tangu mwanzo: katika hadithi yake ya kwanza, 1939, anampiga mhalifu ngumi na kumtumbukiza kwenye tangi la asidi. Kwenye sinema, aliyeutangaza waziwazi ni Batman wa Christian Bale katika Batman Begins, 2005. Naye ana ujanja wake: anamwacha adui ndani ya treni inayoanguka, akidai kwamba hamuui, ila halazimiki kumwokoa.