Gari linakusumbua: ulipeleke yadi ukaongezee hela, au ulitengeneze?

Anayeniuliza kama apeleke gari lake yadi, alikabidhi na kuongeza hela achukue jingine, namrudishia swali kwanza: mwaka huu limekulaza njiani mara ngapi, na kila mara lilikufa nini? Wengi hujibu, "Linasumbua tu." Kwa jibu hilo huwezi kuamua jambo la mamilioni. Chukua daftari, fungua meseji za malipo kwenye simu, uandike kila tukio: tarehe, kilichoharibika, spea iliyofungwa, fundi kalipwa shilingi ngapi.

Gari lililolala mara nne kwa mambo manne tofauti, leo betri, kesho koili, baadaye pampu ya petroli na mkanda wa alteneta, mimi siliiti kimeo. Vitu vyake vya kuchakaa vimefika mwisho kwa kufuatana, na umeshavinunua vyote. Ukilipeleka yadi wakati huo, anayekuja kufaidi spea zako mpya ni mtu mwingine. Lakini lililolala mara nne kwa jambo lilelile, huku kila fundi akibadilisha kitu kingine, hilo ndilo la kukaa nalo chini na kulifikiria.

Msimamo wangu ni kwamba usiuze ugonjwa unaoujua ukanunua usioujua kabla hujalipia vipimo vya gari lako mwenyewe. Kumbuka kwamba magari mengi yanayoingia yadi kwa njia ya kubadilishana yaliletwa na watu waliokuwa na swali kama lako.

Nianze na kisichopaswa kukuuzisha gari: kelele za chini. Barabara zetu za mitaani zinamaliza bushi za amu, linki za stabilaiza, bolijointi na shokapu, na gari likianza kugonga kila shimo mtu anaona limechoka. Gari la namna hiyo linakera lakini halikulazi njiani. Bolijointi usiicheleweshe kwa sababu ikichomoka tairi inalala, ila kazi nzima ya miguu ya mbele kwa gari kama IST au Raum ni ya siku moja kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, na haikaribii hata kidogo nyongeza utakayodaiwa yadi.

Ugonjwa ninaouogopa kuliko yote ni kuchemsha, na hapa Dar mara nyingi chanzo chake ni maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ndiyo maji yanayomiminwa kwenye rejeta kwa miaka. Chumvi inakula aluminiamu ya silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, inaziba vijitundu vya rejeta, inakula panga za pampu ya maji. Gari likianza kupanda joto, fundi wa haraka anang'oa themostati, kile kilango kinachoruhusu maji kupita injini ikishapata joto, anatupa. Hapo mwenye gari anadhani kapona. Kumbe kwenye barabara ya wazi injini sasa haifikii joto lake, kompyuta inaongeza petroli, na kwenye foleni ya Buguruni inachemsha vilevile kwa sababu tatizo lilikuwa feni au rejeta iliyoziba.

Kwa hiyo kabla hujakata tamaa na gari linalochemsha, lipime kwa mpangilio. Anza na mfuniko wa rejeta, maana ndio rahisi kuliko vyote. Springi yake ikilegea presha haishikiki, na maji yanachemka mapema kuliko yanavyopaswa. Kisha nunua kile kifaa kidogo cha OBD2, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake na kuongea na simu. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Kifaa kinakuonyesha nyuzi zenyewe. Liache gari linguruma dakika 20 limesimama, AC ikiwa imewashwa. Joto likitulia katikati ya 85 na 95 hivi, feni ikiingia na kutoka, mfumo unafanya kazi. Likipanda bila kusimama, zima na utafute feni, rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), kisha rejeta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa, utazame. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Vikiendelea kutoka mfululizo kama sufuria inayoanza kuchemka wakati maji bado ni ya baridi, gesi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji: gasketi ya hedi imepasuka au hedi imepinda. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili tu za kuwasha.

Hapo dai kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, inayosomwa kwa psi. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile iliyoko kwenye IST, Raum, na Premio na Allion za cc 1500, silinda nzima inatoa psi 213 hivi. Ikishuka chini ya psi 156 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini pamoja, gasketi ndiyo inayoshukiwa. Hedi ikifunguliwa lazima iwekewe rula ya chuma na geji: upindaji unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu. Imezidi, inapelekwa kusagwa. Fundi anayerudisha hedi bila kuipima anakuuzia gasketi utakayoinunua tena.

Kama ni mara ya kwanza, tengeneza, weka themostati mpya na kulanti halisi, uendelee na gari lako. Hedi ikiwa imeshasagwa na gari limechemsha tena, hapo mimi huacha kushauri matengenezo. Una njia mbili: injini nyingine au gari jingine. Injini ya mtumba kutoka Japani si jambo la aibu kwa gari lenye bodi nzuri, mradi uisikilize ikinguruma kabla ya kulipa na upewe dhamana ya maandishi. Namba ya injini ikibadilika, ipelekee TRA (mamlaka ya mapato) taarifa kadi ya gari irekebishwe, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Kula oili kuna wasiwasi mwingi usio na vipimo. Jaza mpaka alama ya juu ya stiki, tembea kilomita 1,000, kisha pima imekubidi uongeze kiasi gani kurudi palepale. Nusu lita unaweza kuishi nayo kama unachungulia stiki kila wiki. Ikifika lita nzima, anza kuhesabu gharama ya injini. Injini za 1ZZ-FE za mwanzo, zile za Runx, Allex na Spacio za cc 1800 zilizotoka kabla pistoni hazijarekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinajulikana kwa hili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vinaziba na ringi zinakwama. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu kisha ukakata ni sili za valvu, kazi nafuu. Unaotoka kila ukikanyaga mafuta ni ringi.

Gia boksi ina kosa moja linalorudiwa sana mjini: kuwekewa ATF ya kawaida, yaani oili ya gia za otomatiki, kwenye gia ya CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za meno. Mkanda wa chuma ndani ya CVT unategemea msuguano wa oili yake maalumu. Ukiweka nyingine unateleza, unachubua puli, na hakuna kuosha kutakakoliokoa. Kipimo rahisi kwa otomatiki ya kawaida ya Toyota: injini ikiwa na joto, breki imekanyagwa, toa N weka D na uhesabu muda hadi uhisi gari limeshika. Isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi sekunde 1.5. Likichelewa zaidi au likishika kwa kishindo, kagua kiwango na rangi ya oili kwanza. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimeisha.

Kuna aina moja ya gari ambalo sipotezi muda kulitetea. Ni lile lililozama. Maji ya mafuriko ya bonde la Jangwani hapa Dar yakishapita juu ya kizingiti cha mlango, yanakaa chini ya kapeti kwenye nyaya na plagi zake, na miezi kadhaa baadaye shaba inaota kijani. Leo taa ya ABS, kesho vioo havishuki, keshokutwa haliwaki, na kila fundi wa umeme anapata kitu cha kurekebisha. Hilo achana nalo, ila mwambie anayelipokea ukweli na ukubali bei inayotokana na ukweli huo.

Sasa hela. Yadi hawakuoni mjinga, wanafanya biashara, na biashara yao ina faida sehemu mbili: wanalipunguza lako na hawalipunguzi lao. Tuseme gari lako likiwa zima linauzika milioni 9, linahitaji matengenezo ya milioni 1.5, na yadi wanalihesabu milioni 6.5. Unalolitaka limeandikwa milioni 15, ila mwenye hela taslimu wangemwachia kwa 14. Ukibadilishana unaongeza milioni 8.5. Ukitengeneza, ukauza mwenyewe, ukaenda na taslimu, unaongeza milioni 6.5. Mtoe dalali laki 3, bado milioni 1.7 ni yako. Swali linabaki kama wiki kadhaa za kuhangaika na wanunuzi zina thamani hiyo kwako. Kwa anayetegemea gari kazini kila siku, pengine hazina, na hapo kubadilishana ni uamuzi wa busara kabisa. Ninachoomba ni uijue namba hiyo kabla ya kukaa mezani.

Kwenye hesabu weka pia huduma ya kwanza ya gari jipya kwako: oili, filta, plagi, mkanda, betri, pengine tairi. Uhamisho wa umiliki TRA ni shilingi 50,000, kadi 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani.

Bei kubwa isikudanganye kwamba injini ni nzima. Gari la cc 1500 lililozidi miaka 10 linapoingia nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 5, nyongeza ya uchakavu 30, na VAT 18, moja ikikokotolewa juu ya nyingine. Jumla yake inakaribia thamani yote ambayo TRA wamelikadiria gari hilo. Kwa hiyo sehemu nene ya hela yako inanunua kodi. Vivyo hivyo "namba E", yaani namba ya usajili yenye herufi zinazoanzia na E, inakwambia lini limesajiliwa Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini.

Ukienda kulikagua, nenda asubuhi bila kuwaambia saa, na uweke kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha. Likiwa limeshapashwa moto, rudi siku nyingine, maana injini ya moto inaficha kelele za mnyororo, moshi wa sili na uzito wa kuwaka. Mita ya kilomita usiiamini peke yake: linganisha na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ukingo wa kiti cha dereva. Fungua mlango uchungulie nguzo yake na chini ya boneti. Magari ya Japani huwa na vibandiko vya kubadilishia oili vyenye kilomita za siku hiyo. Kibandiko kikisema 118,000 na mita ikasoma 86,000, umeshajibiwa. Mkanda wa kiti uvute wote mpaka mwisho. Mstari wa tope au doa la maji kwenye sehemu isiyotokaga nje ni ushahidi wa kuzama, na waosha magari huwa hawafiki hapo. Kisha omba kupanda nalo mlima wa Kimara, AC imewashwa, kifaa cha OBD2 kimechomekwa.

Karatasi zinahitaji umakini uleule. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma isome mwenyewe, herufi kwa herufi, dhidi ya kadi. Angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), kwa sababu madeni hayo yanafuata gari. Uliza kadi halisi iko wapi. Ikiwa benki, gari ni dhamana ya mkopo wa mtu. Na kama liliingia kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo itadaiwa linapohamia kwa asiye na msamaha.

Katika kubadilishana kuna uhamisho mara mbili, na ule wa pili ndio unaosahaulika. Watu wanahangaikia kadi ya gari wanalochukua, na la zamani wanaliacha yadi likiwa bado kwa jina lao mpaka mnunuzi apatikane. Miezi yote hiyo faini na ajali vinakuja kwa jina lako. Usikubali. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje tarehe na saa ya makabidhiano, kilomita za siku hiyo na ubovu uliousema, na uhamisho wa lako uanze siku ileile wanapoanza wa kwao. Iarifu kampuni ya bima pia. Funguo ya akiba ya gari la zamani iache mwisho kabisa, baada ya malipo ya kuhamisha umiliki kuonekana yamelipwa.